Mgeni Hapewi Mbili: Likizo ya Msimbati na Maingilio ya Ruvuma

Mwenzangu wa idara jirani alirejea Agosti 2024 kutoka Australia, alikokuwa amehudhuria kongamano na kujiongezea siku kumi za mapumziko. Tulimzunguka ofisini tukitazama picha katika simu yake: kangaruu wamelala kivulini kama mbuzi wa mjini, koala amekumbatia mkaratusi, ndege mkubwa asiyeruka akivuka barabara kwa madaha. Alieleza kila picha kwa furaha ya mtoto, nasi tukafurahi pamoja naye. Kisha akaniuliza nitakwenda wapi kwa siku zangu za likizo zilizobaki. Nikamwambia Mtwara. Akashusha sauti, akanishika bega: "Pole sana, Daktari. Nani amefariki?"

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Kwetu likizo ni msiba, harusi, kuuguza mzazi, au kwenda kuhakikisha kwamba fundi hajauza saruji. Mtu mzima mwenye ajira akisafiri zaidi ya kilomita 550 kwa basi ili kutazama tu, bila ubani wala bahasha ya mchango, huonekana ama ana fedha za kuchezea ama ana jambo analolificha. Na tukiamua kutazama, hutazama kaskazini. Filamu ya Royal Tour iliyozinduliwa Aprili 2022 ilituongezea hamu hiyo, nami siioni kuwa na ubaya. Ila hata maneno "utalii wa kusini" katika nyaraka zetu yana mpaka wake. Mradi wa REGROW, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 150 mwaka 2017 na kuacha kuufadhili mwaka 2024 baada ya malalamiko ya wananchi waishio kandokando ya Hifadhi ya Ruaha, ulilenga Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Kusini ya watunga sera huishia bonde la Rufiji. Mtwara iko kusini mwa kusini hiyo, pale ambapo wachora ramani za watalii huweka kisanduku cha maelezo.

Nilikwenda na binti yangu wa darasa la sita, katika mapumziko mafupi ya shule ya Septemba. Alibeba daftari la kuorodhesha wanyama, wazo alilolipata baada ya mimi kumsimulia habari za kangaruu. Sharti lake lilikuwa moja: aandike yule tu aliyemwona kwa macho yake, si aliyesimuliwa. Sharti hilo lilinitesa baadaye, kama nitakavyoeleza.

Safari ya basi siku hizi haina simulizi. Wanaoikumbuka njia hiyo kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 husimulia usiku wa kulala ukingoni mwa Rufiji wakisubiri pantoni, na malori yaliyozama katika tope la masika kwa wiki nzima. Sisi tulifika Mtwara jioni. Kesho yake tukapita Mikindani, mji wa majahazi ambao kila kitabu cha wageni huutaja kwa sababu Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866. Binti yangu alitazama kibao cha kumbukumbu, akauliza wapagazi waliokwenda naye waliitwa nani. Sikuwa na jibu zuri. Tukanunua ming'oko ya kuchemsha yenye pilipili, tukaendelea.

Msimbati iko takriban kilomita 45 kutoka mjini, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2000, ya pili nchini baada ya ile ya Mafia. Ina kilomita za mraba 650 hivi, na kama theluthi yake ni nchi kavu: mikoko, minazi, mashamba ya mikorosho na vijiji. Nalitilia mkazo neno vijiji. Serengeti au Mikumi hakuna anayeishi ndani kwa haki ya uzawa. Hifadhi za bahari, zilizowekwa chini ya Sheria Na. 29 ya mwaka 1994, ziliundwa kwa wazo tofauti, kwamba watu watabaki, watavua, na watashirikishwa katika kusimamia. Kwenye karatasi ni wazo la kistaarabu kuliko mengi tuliyoyarithi kwa Mwingereza.

Asubuhi ya kwanza tulipanda mashua na kijana mmoja wa hapo, nahodha asiyezidi miaka thelathini, aliyeniita "njomba" tangu dakika ya kwanza, kama wafanyavyo watu wa huko. Upepo wa kusi ulikuwa umelegea. Ndani ya nusu saa binti yangu akapata mnyama wake wa kwanza: kasa wa kijani, kichwa kikichomoza kama ngumi, akavuta pumzi na kuzama. Nahodha alituonyesha kwenye mchanga wa kisiwa alama za kutambaa kwake, mithili ya tairi la trekta, na shimo ambamo mayai yalikuwa yameanguliwa. Kisha akazima injini tusikilize. Sauti ikaja kabla ya kitu chenyewe, kama mtu mkubwa anayepuliza moto. Nyangumi wawili, mama na ndama, walipita mbali kidogo upande wa bahari kuu. Ni nyangumi wenye nundu, ambao kati ya Julai na Novemba hutoka katika maji ya baridi ya Antaktika kuja kuzaa na kunyonyesha katika maji yetu ya joto. Nyangumi wa aina hiyohiyo hupanda kila mwaka kando ya pwani zote mbili za Australia, ya mashariki na ya magharibi. Nilimwandikia mwenzangu kwa simu: hata wanyama wako nimewakuta huku, na hawakuhitaji viza.

Palikuwa pia na ndege kwenye fungu la mchanga, weupe kwa weusi, wenye mdomo mnene, wakitembea wima kama makarani. Hawa huzaliana kwenye fukwe za Oman na Ghuba ya Uajemi, tena kwa kuchimba mashimo mchangani, kisha hushuka pwani ya Afrika Mashariki kula kaa. Njia yao ni ileile ya majahazi ya zamani. Nahodha alisema watoto wa kijijini huwaita kwa jina la kutania ambalo hakutaka kulitamka mbele ya binti yangu.

Aliyekosekana ni nguva. Binti yangu alimtaka kuliko wote. Nahodha alikiri hajapata kumwona hata mara moja. Baba yake ndiye aliyemwona, zamani, amenasa kwenye jarife. Nguva hufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 400 hivi, hula nyasi za baharini, na jike huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka kadhaa. Mnyama wa namna hiyo hawezi kushindana na nyavu. Desemba 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki waliorodheshwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Na taifa lenye nguva wengi kuliko mataifa yote duniani ni Australia. Nitalirudia hilo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Siku ya pili jioni tulikuwa tukitembea ufukweni. Chini ya mkungu alikaa mzee akishona wavu, mguu mmoja ameunyosha na kidole gumba kimeshika uzi. Binti yangu alimwamkia, "Shikamoo babu," nami nikafuata. Aliitikia marahaba zote mbili, akanitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akasema: "Wewe si yule wa makaratasi?"

Ilinichukua dakika nzima. Mwaka 2008, kabla ya kuanza shahada ya uzamivu, niliajiriwa kwa wiki tatu kama msaidizi wa utafiti. Mtaalamu mmoja alikuwa amepewa kazi ya kutathmini ushirikishwaji wa wananchi katika vijiji vya hifadhi, nami nilikuwa miongoni mwa vijana waliozunguka na madodoso. Lilikuwa dodoso la kurasa kumi na nne. Swali moja nalikumbuka kwa sababu lilirudiwa kwa sura mbalimbali: kwa kiwango cha 1 hadi 5, unaridhika kiasi gani?

"Nakumbuka," nikasema. "Mzee wangu, una kumbukumbu kali."

"Nilikupa tano," akasema. "Zote tano."

Nikamuuliza kama kweli alikuwa ameridhika wakati ule. Akaacha kushona. "Mwanangu, ulikuja mchana wa jua kali, umekonda, viatu vimejaa mchanga. Umekaa kwenye kirago changu. Unaniuliza nikupe ngapi. Ningekupa mbili? Mgeni hapewi mbili."

Binti yangu alicheka. Mimi sikuweza. Najua kilichotokea baada ya zile tano, kwa sababu niliziingiza kwenye kompyuta mwenyewe. Ziliongezwa kwenye tano za jirani zake, ambao nao walikuwa wamelelewa vizuri, zikagawanywa, zikawa wastani, na wastani ukawa sentensi katika muhtasari wa ripoti: kwamba wengi wa wakazi waliohojiwa walionyesha kuridhika na kiwango cha ushirikishwaji. Siwezi kusema sentensi ile ilibadili uamuzi gani. Huenda haikubadili chochote. Lakini ilikuwa ya uongo, nami ndiye niliyeibeba kutoka kiragoni hadi mezani, na kwa miaka mingi imekaa katika wasifu wangu wa kazi kama uzoefu wa utafiti.

Hapo akauliza lile alilokuwa amelihifadhi. "Majibu yetu yalikwendaje? Mlituambia mtarudi kutusomea."

Kwa wanafunzi wangu wanaosoma hapa: mtanisikia darasani nikihubiri mrejesho kwa jamii kama sehemu ya maadili ya utafiti. Mjue kwamba anayehubiri ana deni la miaka kumi na sita. Na mjue vilevile kwamba kosa halikuwa uvivu wangu peke yake. Ripoti ile iliandikwa kwa Kiingereza, ikakabidhiwa kwa waliolipia, na mkataba haukuwa na hata senti moja ya kurudi kijijini. Hivi ndivyo tulivyojenga maarifa kuhusu pwani hii. Wapo waliofanya vizuri zaidi: mwanaanthropolojia Vinay Kamat wa Chuo Kikuu cha British Columbia amekuwa akirudi katika vijiji vya hifadhi hii kwa miaka mingi na kuandika jinsi wakazi wanavyoielewa bahari kama shamba lao, na jinsi uhifadhi na gesi vilivyowafikia kwa pamoja. Kurudi ndiko kunakotenganisha utafiti na utalii, na mimi mwaka 2008 nilikuwa mtalii mwenye kalamu.

Mzee hakuwa na uchungu, au aliuficha kwa ustadi. Alitueleza mambo kwa utaratibu. Kwamba uvuvi wa baruti ni uharamia, na wazee ndio waliokuwa wa kwanza kuulalamikia. (Sheria ya Uvuvi iliupiga marufuku tangu mwaka 1970, marufuku yenyewe ina umri unaokaribia wa serikali iliyoitunga.) Kwamba juya na kokoro huparua chini, nalo analikubali. Asilolikubali ni mizani. Kijana akikutwa na wavu wenye macho madogo hunyang'anywa na kushtakiwa kwa sababu bahari hii ni hifadhi. Lakini visima vya gesi vya Mnazi Bay vimo ndani ya mipaka ya hifadhi hiyohiyo. "Wavu wangu unaumiza matumbawe," alisema, "bomba lao linayabembeleza?"

Msomaji asiyejua historia ataliona swali hilo kuwa ujanja wa maneno. Kampuni ya AGIP ya Italia iligundua gesi hapo mwaka 1982. Ilikaa ardhini kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuanza kuzalisha umeme wa Mtwara na Lindi. Ulipokuja mpango wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliandamana, na mwaka 2013, Januari na tena Mei, mji uliwaka. Watu walipoteza maisha na jeshi likaingia mitaani. Bomba likakamilika mwaka 2015. Sipingi kwamba gesi ni ya taifa zima. Watu wa Mtwara niliowasikiliza hawalipingi hilo pia. Wanachokumbuka ni reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha ikang'olewa miaka ya 1960. Wanakumbuka, au wameambiwa, mifupa ya mijusi wakubwa wa Tendaguru kule Lindi, iliyochimbwa na vibarua wa Kiafrika kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Majimaji, na kubebwa vichwani hadi pwani. Mmoja wao amesimama leo katika jumba la makumbusho la Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Huyo naye ni mnyama wa asili wa kusini. Kumwona kunahitaji viza.

Siku ya tatu tulikwenda Kilambo, kwenye mto. Tangu shambulio la Kitaya la Oktoba 2020, lililofanywa na wapiganaji waliovuka kutoka Cabo Delgado, njia hizo zina vizuizi, na ni sawa viwepo. Askari kijana alitazama kitambulisho changu, akauliza tunakwenda kufanya nini. Kutembea, nikasema. "Kutembea tu?" Binti yangu akamwonyesha daftari. Alilisoma kwa makini ukurasa mzima, akasema kuna viboko wengi asubuhi, akaturuhusu.

Ruvuma huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, na baada ya kilomita 800 hivi unafika hapa umechoka, mpana, wenye rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo ni Msumbiji. Kipande cha ng'ambo hiyo karibu na mdomo wa mto, Kionga, Wajerumani walikitwaa mwaka 1894, Wareno wakakirudisha mwaka 1916, na mkataba wa amani baada ya vita ukakiidhinisha. Viboko, kwa kadiri nilivyowaona, hawakuarifiwa. Walikuwa kumi na mmoja upande wetu na sita upande wa pili, binti yangu aliwahesabu mara mbili. Mamba alikuwa mmoja, juu ya tope, kinywa wazi.

Aliyetuvusha sehemu ya mto kwa mtumbwi ni mtu wa makamo ambaye hakumtazama yule mamba hata kidogo. Tulipokuwa tukirudi ndipo aliponiambia kwamba dada yake alichukuliwa mwaka 2019 akichota maji. Serikali ina utaratibu kwa mambo haya. Kanuni za mwaka 2011 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ziliweka kifuta machozi kwa aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama hatari, na kifuta jasho kwa mazao. Kwa kifo kiwango kilikuwa shilingi milioni 1. Familia ilijaza fomu. Wakaambiwa walete taarifa ya polisi, wakaleta. Wakaambiwa walete cheti cha daktari kinachothibitisha sababu ya kifo. Mwili haukupatikana. "Daktari atapima nini, mwalimu? Kanga?" Maana kilichobaki ukingoni kilikuwa kanga na ndoo. Ofisi iliyowapa jibu hilo sitaitaja, kwa sababu nimeshuhudia jibu la aina hiyo likitolewa katika ofisi nyingi, na mtoaji huwa hana roho mbaya. Ana orodha ya viambatisho tu.

Haya si mambo ya bahati mbaya ya hapa na pale. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya mashambulio ya simba nchini: kati ya 1990 na 2004 watu wasiopungua 563 waliuawa na 308 walijeruhiwa, na kusini mashariki, Lindi na Mtwara, ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Sababu waliyoieleza ni ya kusikitisha kwa udogo wake. Nguruwe mwitu huvamia mazao, mkulima hulala shambani katika dungu kuyalinda, simba humfuata nguruwe, akamkuta mtu. Hakuna jangili wala mwovu katika hadithi hiyo. Kuna mtu maskini anayelinda mahindi kwa mwili wake kwa sababu hana ua. Mtalii huyo simba angemlipia fedha nyingi kumwona.

Ndiyo maana siwezi kumaliza makala hii kwa kuwahimiza tu mwende Mtwara, ingawa nawahimiza. Nendeni. Vyumba vipo, samaki wa kupaka yupo, na maji ya Msimbati ni ya rangi ambayo mkiipiga picha wenzenu watadhani mmeihariri. Lakini nimechoka na utalii wa ndani unaoelezwa kama wajibu wa kizalendo wa kununua tiketi. Raia anapomtazama mnyama wa nchi yake anatazama pia sheria inayosema nani ammiliki, nani amlinde, na nani aliwe naye.

Niliahidi kurudi Australia. Katika Mlango wa Bahari wa Torres, kaskazini mwa nchi hiyo, nguva ni chakula cha watu wa visiwa vile tangu kale. Mkoloni alidai ardhi na bahari hizo hazikuwa na mwenyewe. Mtu wa kisiwa cha Mer, Eddie Mabo, alipeleka shauri mahakamani pamoja na wenzake. Alifariki Januari 1992, na tarehe 3 Juni mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Australia ikaamua kwamba wenyeji walikuwa na haki iliyotangulia. Sheria ya mwaka 1993 iliyofuata ililinda, pamoja na mengine, haki ya wenyeji kuwinda na kuvua kwa mahitaji yao ya kimila, hata pale ambapo wengine huhitaji leseni. Matokeo yake leo ni kwamba nchi inayowaruhusu wenyeji wake kuwala nguva ndiyo yenye nguva wengi zaidi, na sisi tuliowapiga wote marufuku hatuna wa kumwonyesha mtoto. Najua Australia ina eneo kubwa na watu wachache, na iliwatendea wenyeji wake unyama ambao hukumu moja haiufuti. Siuzi mfano. Nasema tu kwamba haki ya mwenyeji na uhai wa mnyama si maadui kwa asili yao, na wanaotuambia hivyo Bongo wangetakiwa kuthibitisha.

Enyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, najua mpo, kwa kuwa huniandikia faragha: badilisheni kiambatisho kile. Palipo na mashahidi, mtendaji wa kijiji na askari wa wanyamapori waliofika eneo la tukio, ushahidi huo utoshe pale mwili unapokosekana. Hakuhitajiwi bajeti mpya. Na mapato ya hifadhi yanayorudi vijijini yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, kiasi na tarehe, pamoja na ushuru wa huduma ambao kampuni za gesi hulipa halmashauri. Ninyi wanaharakati, mlioko Dar es Salaam hasa, gesi ya Mtwara ilikuwa kaulimbiu yenu mwaka 2013. Mamba wa Kilambo hajawahi kuwa kaulimbiu ya mtu. Nanyi wanafunzi, mkienda uwandani na dodoso la 1 hadi 5, kumbukeni kuwa mnaingia katika nyumba ya mtu aliyefundishwa kumheshimu mgeni. Kaeni siku tatu kabla ya kuuliza. Leteni maji. Halafu muulize, na msiulize wastani.

Binti yangu alirudi na wanyama kumi na wanane. Nguva hakumwandika, kwa mujibu wa sharti, wala simba. Alinisihi nimruhusu amwandike dada wa yule mpiga kasia, nikamwambia yule si mnyama, akasema anajua, ila hakuna daftari lingine.

Ile ripoti niliipata Oktoba katika sanduku chini ya kitanda cha wageni, nakala yenye doa la chai, kurasa 61. Nilimpigia mzee kwa simu ya mjukuu wake nikamwambia nitaitafsiri yote kwa Kiswahili, pamoja na ile sentensi, na nitaandika chini yake kwamba haikuwa kweli. Alinyamaza kidogo, akasema maandishi yawe makubwa, macho yake si yale ya 2008. Nimefika ukurasa wa 22.